Mguu wa Hafidh na Kuku wa Asmaa

Oktoba 1984, katika wiki moja, watu wawili wa Ngamiani, Tanga, walilazwa hospitali wakiwa wamevunjika muundi wa mguu wa kulia. Wa kwanza alikuwa Mzee Uweso, seremala wa Barabara ya Kumi na Tatu, mwenye miaka sitini na moja, aliyeangukiwa na mbao za mninga. Wa pili alikuwa Hafidh Hamad, Mpemba wa miaka ishirini na tisa, aliyeteleza na baiskeli asubuhi akitoka kazini kwenye kiwanda cha kamba za katani. Daktari aliwanyoosha mifupa, akawafunga hogo la plasta kuanzia pajani hadi vidoleni, na kila mmoja akamwambia maneno yale yale: miezi mitatu, ikizidi minne.

Mwishoni mwa Januari Mzee Uweso alipita mbele ya nyumba ya Hafidh akitembea. Hogo limekwisha kutolewa, ana mkongojo mmoja tu, na mkononi amebeba randa. Asmaa, mke wa Hafidh, alikuwa barazani akichambua mchele. Alimtazama mzee yule mpaka alipokata kona. Kisha akageuka kuangalia mlango wa chumba chake. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, na mumewe alikuwa ndani amelala, mguu umeegeshwa juu ya mto. Picha ya eksirei aliyopigwa juzi ilionyesha ufa ule ule wa siku ya kwanza, kama kwamba amevunjika jana.

Tangu mdogo, kule Wete, Asmaa alikuwa mtu wa kuuliza. Jambo likimkaa kichwani halali. Kesho yake alijifunga buibui, akaenda kwenye karakana ya seremala.

"Shikamoo, Mzee Uweso."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Hajambo, ila mguu umekataa kuunga. Nimekuja nikuulize, ulikuwa unakula nini?"

Mzee alicheka. "Nile nini mwaka huu wa foleni? Muhogo, dagaa, mchuzi wa papa siku moja moja. Maziwa nimeyaona mara mbili."

"Nasi ni hivyo hivyo. Mafuta ya kuchua je? Kombe la aya za Kurani?"

"Kombe nilikunywa. Na yeye hakunywa?"

"Amekunywa mawili. Sasa wewe ulikuwa unalala saa ngapi?"

"Mimi? Nikishasali isha, nimelala. Mtu ana hogo hadi pajani atakwenda wapi tena?"

Asmaa alirudi nyumbani polepole. Hafidh hakuwa akilala usiku. Miaka minne sasa alikuwa shifti ya usiku, kwa sababu umeme wa mgao ulikuwa ukifika kiwandani saa za usiku tu. Alipovunjika mguu, kiwanda hakikumwacha. Baada ya wiki tatu walimpa kazi ya kukaa, kuchambua mabunda ya uzi chini ya taa, na gari la kiwanda likawa linampitia jioni na kumrudisha asubuhi. Kila mtu alisema ana bahati. Mfanyakazi aliyebaki kazini alikuwa na haki ya kununua sukari na sabuni kwenye duka la kiwanda, na mwaka ule sukari na sabuni hazikuwa vitu vya kuchezea.

Huenda jambo lenyewe lingeishia hapo, kama si kuku.

Asmaa alikuwa na kuku saba nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye walifika wageni kutoka Pemba, wakati wa alasiri, akachinja kuku mmoja mtagaji ambaye mguu wake ulikuwa na dosari. Alipompasua alikuta ndani yai zima, kubwa, lililo tayari kwa umbo, lakini halina ganda. Lilikuwa na ngozi tu, laini, linabonyea kwa kidole. Alilishika kwa muda mrefu hata maji ya kunyonyolea yakapoa. Alikumbuka kuku aliyemchinja asubuhi ya Idi, kabla watu hawajaenda kuswali. Yule alikuwa na yai lenye ganda gumu, la kuweka kwenye bakuli.

Wiki nzima iliyofuata Asmaa aliwapapasa kuku wake kama wanawake wafanyavyo kutaka kujua yupi atataga. Tofauti ni kwamba yeye alifanya mara mbili: alasiri, na tena alfajiri baada ya kusali. Alasiri kidole kilikuta kitu cha kubonyea, au hakikukuta kitu. Alfajiri kilikuta jiwe. Kuku watano kati ya sita walikuwa hivyo, siku baada ya siku. Mchana kutwa walikula chokaa na makombe ya pwani aliyowapondea, ila ganda lenyewe walilijenga usiku, wakiwa wamelala juu ya ngazi.

"Baba Tuhfa," alimwambia mumewe alipoamka, "wajua ganda la yai hujengwa usiku?"

"Umejuaje?"

"Nimewapapasa."

Hafidh alimtazama, akaomba chai.

Bwana Kristofa, mpiga picha za eksirei, alikuwa Mbondei wa Muheza aliyekaribia miaka hamsini, mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali. Asmaa alimkuta akipangusa mashine kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na filamu.

Alimwamkia, akaketi, akamweleza yote: seremala, shifti ya usiku, kuku. Alipofika kwenye kuku alijiandaa kuchekwa. Kristofa hakucheka. Aliweka kitambaa chini.

"Alasiri laini, alfajiri gumu," alirudia. "Kuku wangapi?"

"Watano. Wa sita hatagi."

"Mama Tuhfa, zamani kabla sijasomea kazi hii nilikuwa mtunza wanyama kule Amani, kwenye kituo cha utafiti. Nilikuwa na panya weupe mia mbili. Akaja bibi mmoja mtafiti, mgeni, akakaa mwaka. Panya wake aliwapa dawa inayoacha alama ya manjano penye mfupa mpya, halafu akawatazama chini ya taa maalumu. Kundi moja niliambiwa niliwashie taa na kulizimia saa zile zile kila siku. Kundi la pili nilibadilishe saa kila baada ya siku chache, mara usiku kuwe mchana, mara mchana kuwe usiku. Chakula kimoja, maji mamoja."

"Ikawaje?"

"Panya wa kundi la pili, alama zao zilikuwa nyembamba. Aliniita nizione mwenyewe. Nikamuuliza sababu. Akaniambia yeye anadhani mwili una saa ndani yake, na mfupa nao unaifuata. Kuna wakati wa kubomoa mfupa wa zamani na wakati wa kujenga mpya. Ukizivuruga saa, mafundi wanafika kazini wakati mchanga haujaletwa. Aliondoka kabla hajamaliza. Sikujua aliandika nini."

Asmaa alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa benchi. "Basi ndiyo hivyo! Hafidh mafundi wake wanapishana."

"Ngoja kwanza. Kuku si mtu, na panya si mtu. Panya hata usiku ndio mchana wake. Tena kuna jambo lingine. Mumeo halali usiku, sawa, lakini pia halioni jua. Mchana yuko ndani, usiku yuko kiwandani. Mfupa unahitaji jua, hilo linajulikana wazi, limo vitabuni. Utajuaje kama kinachomkosesha ni jua au ni usingizi?"

Asmaa alifikiri. "Tumpe jua, usingizi tuuache ulivyo. Tuone."

Kristofa alimtazama mwanamke huyu wa buibui lililopauka, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hivyo ndivyo yule bibi angesema. Kimoja kimoja."

Kwa wiki tatu, kila siku baada ya adhuhuri, Asmaa alimwamsha mumewe, akamketisha uani juani kwa muda wa saa nzima, suruali imepandishwa, mguu mzima na mikono vikiota. Hafidh alisinzia pale pale, nzi wakimtua usoni. Majirani waliuliza kama amegeuka mbata ya kuanikwa. Jioni gari la kiwanda lilimchukua kama kawaida.

Mapema Machi filamu zilipatikana chache, na Kristofa alimwekea moja. Alipoitundika kwenye kioo chenye taa, wote watatu waliinama kuitazama. Ufa ulikuwa pale pale, mweusi, kingo zake safi.

Daktari naye aliitazama. Alikuwa na wagonjwa arobaini nje. Alisema mguu huu sasa ni wa kupasuliwa, kuwekewa kipande cha mfupa kutoka nyonga, kazi ambayo ingefanywa Moshi, na nafasi ya karibu ilikuwa katikati ya Mei. Kristofa alimwomba ruhusa wajaribu kumbadilisha saa za kulala. Daktari aliinua mabega. "Hadi Mei ni wiki kumi. Mfanyeni mpendavyo, alimradi asiukanyage vibaya."

Kazi sasa ilikuwa kumpata Hafidh mwenyewe. Usiku ule ule ungekuwa wa zamu yake, na Asmaa alimweleza wakati gari halijafika.

"Niache kazi?" Hafidh aliuliza.

"Uombe likizo bila malipo. Wiki kumi tu."

"Na sukari? Na sabuni? Mama Tuhfa, watu wanalilia nafasi kwenye duka lile. Nikitoka, jina langu litafutwa kabla ya magharibi." Alipunguza sauti, maana mtoto alikuwa karibu. "Halafu niwaambie nini wenzangu? Kwamba mke wangu kapapasa kuku?"

"Waambie umekwenda kulala. Ni uongo?"

"Ni aibu. Mwanamume na miguu yake analala, mke anahangaika."

"Una mguu mmoja sasa hivi," Asmaa alisema, "na Mei watakukata nyonga wachukue mfupa wautie hapo. Wakikosea je? Mimi sijui kama nasema kweli. Wallahi sijui. Lakini nataka kujua, nawe ndiye mwenye mguu."

Honi ya gari ikalia nje, mara moja, mara ya pili. Hafidh alimwita Tuhfa, binti yao wa miaka sita. "Nenda kamwambie dereva, baba haendi leo."

Ofisa utumishi wa kiwanda, Bwana Nasri, aliandika likizo bila malipo bila ya ubishi, ila alisema kweli yake: kazi ya kukaa ilikuwepo usiku tu, na jina la Hafidh kwenye duka lingesimamishwa. Asmaa alijua hayo. Mipaka ilikuwa imeanza kulegea tangu katikati ya mwaka uliopita, na bidhaa za nje zilirudi madukani moja moja. Alipanda lori hadi Horohoro, mpakani mwa Kenya, akarudi na sabuni za miche na mafuta ya nazi kutoka upande wa pili, akavitandaza barazani kwenye mkeka. Hata wake wa wafanyakazi wa kiwanda walikuja kununua.

Ilidhaniwa kwamba kulala kungekuwa kazi rahisi. Haikuwa. Siku za kwanza Hafidh alizima koroboi baada ya isha, akajinyoosha, akabaki macho makavu. Ikifika saa saba ya usiku njaa ilimshika, njaa ya kweli, kwa kuwa ndiyo saa waliyokuwa wakipewa uji kiwandani. Asubuhi jua likichomoza, kope zikawa nzito kama mawe, na Asmaa akawa anamkataza kusinzia: mara amtume achambue mchele, mara amfundishe Tuhfa kusoma, mara amtoe nje kwa mikongojo hadi kwa Mzee Uweso akapige gumzo na vumbi la mbao.

"Ajabu," Hafidh alimwambia mkewe siku ya tisa. "Nimemwambia mwili wangu kwamba hakuna kiwanda tena. Hausikii. Unaniletea njaa saa saba kamili, bila saa ya ukutani. Nani anauhesabia?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza mwenyewe, na Asmaa alifurahi kimoyomoyo. Kuanzia hapo Hafidh alianza kujichunguza. Alichora mistari ya mkaa ukutani: saa aliyosinzia, saa aliyoamka, saa njaa ilipokuja. Njaa ya usiku ilianza kusogea. Saa nane, saa tisa, ikafika alfajiri, ikakutana na chai. Siku ya kumi na tisa alilala tangu isha hadi adhana, na alipoamka hakujua yuko wapi.

Wiki nane zilipotimia walirudi kwa Kristofa. Filamu zilikuwa zimebaki tatu, na nje kulikuwa na mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mnazi. Kristofa alimpiga picha mtoto kwanza. Kisha akamweka Hafidh mezani, akaelekeza mashine, akaingia chumba cha giza. Walimsikia akikohoa humo, maji yakichuruzika. Alitoka na filamu bado inatona matone. Aliitundika karibu na ile ya Machi.

Penye ufa palikuwa na kitu. Kilikuwa cheupe hafifu, kama ukungu uliotanda kando zote mbili, umeshikana upande mmoja na karibu kushikana upande wa pili.

"Huo ni nini?" Hafidh aliuliza.

"Mfupa," alisema Kristofa. "Bado mchanga. Lakini ni mfupa."

Asmaa aliweka kidole kwenye filamu akakiondoa haraka, akiogopa kuiharibu. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hafidh hakulia wala kucheka. Aliinama akautazama mguu wake ndani ya hogo chafu, akaupiga kofi jepesi, kama mtu ampigavyo ng'ombe aliyekubali kusimama.

Daktari aliiona picha, akafuta nafasi ya Moshi. "Mifupa mingine huchelewa tu," alisema, na akaita mgonjwa mwingine. Njiani kurudi ukumbini Asmaa alimuuliza Kristofa kama daktari amesema kweli.

"Huenda amesema kweli. Labda ungeunga wenyewe mwezi huo huo, hata angekuwa kiwandani. Labda jua la wiki tatu lilikuwa linafanya kazi taratibu, sisi tukaiona baadaye. Au kule kiwandani alikuwa akiutikisa mguu bila kujua. Tuna mguu mmoja, mama Tuhfa. Mguu mmoja hausemi kitu."

"Basi tutafute mingine."

Ndivyo walivyofanya. Kristofa alinunua daftari la mistari, na kila aliyeletwa na mfupa uliovunjika aliulizwa swali ambalo hakuna aliyelitarajia: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi? Waokaji mikate, walinzi, wakunga, wavuvi wa usiku, makarani. Asmaa aliwafuata wa Ngamiani majumbani, maana wanawake walimwambia yeye mambo ambayo wasingemwambia mwanamume mwenye miwani. Hafidh, aliyetolewa hogo baada ya Idi na ambaye mguu wake ulibaki mwembamba kidogo kuliko mwenzake, hakurudi tena kwenye uzi. Alikuwa akienda Horohoro yeye, na Asmaa akabaki na mkeka ambao sasa ulikuwa kibanda cha mbao kilichotengenezwa na Mzee Uweso.

Mwaka ulipokaribia kuisha Kristofa alihesabu. Waliokuwa wakikesha kazini walikuwa kumi na tisa, na kumi na mmoja kati yao mifupa ilichelewa kuunga. Waliokuwa wakilala usiku walikuwa sitini na wawili, na waliochelewa ni tisa. Aliandika barua kwenda Amani. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, fupi, la adabu: hesabu inavutia, watu ni wachache, umri haukulinganishwa, endeleeni kuandika. Kristofa alilisoma mara mbili, akasema jibu ni la haki. Asmaa alisema ni la haki lakini lingeweza kuwa refu zaidi.

Alichukua barua ile na daftari hadi kwa Bwana Nasri kiwandani. Aliketi mbele yake, akamwonyesha mistari. Hakumwomba aamini. Alimwomba jambo dogo: mfanyakazi akivunjika mfupa, kazi ya kukaa itafutwe mchana, hata kama ni kufagia stoo. Nasri alipekua kurasa kwa muda, akiuliza huyu ni nani, huyu alikuwa akilala wapi. Umeme siku hizo ulikuwa umetengemaa kidogo na shifti ya mchana imeanza tena. Alisema ataona. Wiki iliyofuata kijana mmoja aliyevunjika mkono alihamishiwa stoo ya mchana, na baadaye wengine wawili. Haikuandikwa popote kwamba ni sheria.

Mwaka 1986, siku mbili kabla ya mfungo, Asmaa alipita hospitali kumletea Kristofa majina mapya. Alikaa kwenye benchi, akampa karatasi, lakini hakuondoka.

"Kuna kitu kingine?" Kristofa aliuliza.

"Kipo. Keshokutwa Ramadhani. Watu wote wa Ngamiani tutakula usiku, tutakesha kwa tarawehe na daku, wengi watalala mchana. Mwezi mzima saa zimegeuka, za wagonjwa na za wazima. Mifupa itafanyaje?"

Kristofa alivua miwani. Yeye, Mkristo wa Muheza, alikuwa ameishi Tanga miaka kumi na mitano, na kila mwaka alikuwa ameuona mwezi huo ukipita mbele ya mlango wake.

"Sijawahi kuliwaza," alisema. "Wodini sasa hivi tunao wangapi waliovunjika?"

"Saba. Waislamu watano."

Alifungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akachora mstari katikati, akampa Asmaa kalamu aandike majina.